UCHAMBUZI: Kwa nini vyombo vya tanga hugongana, na kanuni inamtaka nani apishe

Kila mwaka upepo wa kusi unaposhika katika mwambao wa Tanzania, kuanzia Aprili hadi kuelekea Septemba, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa hufuatiliwa kwa karibu na wavuvi, manahodha wa majahazi na wasafiri wa visiwani. Taarifa hizo hueleza hatari inayotokana na hali ya hewa. Ipo hatari nyingine ambayo hakuna kituo cha hali ya hewa kinachoweza kuitabiri, nayo ni chombo cha pili kilicho katika maji hayohayo, kikisukumwa na upepo uleule.

Kugongana kwa vyombo viwili vya tanga ni jambo ambalo mtu wa nchi kavu huliona gumu kuaminika. Bahari ni pana, vyombo hivyo haviendi kwa kasi ya gari, na mara nyingine tukio lenyewe hutokea mchana kweupe. Husemwa kwamba ajali haina kinga, na shauri huishia hapo. Hata hivyo, mtu akifuatilia jinsi vyombo hivyo vinavyokutana, huona kwamba sababu si nyingi, zinajulikana, na zimewekewa kanuni tangu zamani.

Kwanza ni kasi. Jahazi linalokwenda kwa noti 6 huonekana kutambaa likitazamwa kutoka ufukweni. Majahazi mawili yanayoelekeana, kila moja kwa noti 6, husogeleana kwa noti 12, sawa na takriban mita 370 kwa dakika. Umbali wa kilomita moja kati yao humalizika kabla ya dakika tatu kutimia. Katika muda huo nahodha anapaswa kukiona chombo kingine, kutambua upepo unakipiga upande gani, kuamua nani apishe, kuwaamuru mabaharia na kusubiri chombo chenye shehena kiutii usukani. Dakika tatu si nyingi kwa kazi hiyo.

Pili, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, ni tanga lenyewe. Tanga la jahazi, mashua au ngalawa hukaa upande wa demani, yaani upande unakokwenda upepo, na sehemu yake ya chini hushuka karibu na ubavu wa chombo. Anayeshika usukani huketi tezi, nyuma kabisa. Kutoka hapo alipo, upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, huwa wazi mbele ya macho yake. Upande wa pili umezibwa na kitambaa. Eneo la bahari lililo mbele yake kwa upande wa demani halionekani isipokuwa mtu ainame chini ya tanga, au awepo baharia mwingine aliyesimama omo akitazama kwa niaba ya wote.

Kasoro hiyo ya kuona huwa hatari zaidi inapowekwa sambamba na kanuni ya kupishana. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, zina kifungu mahususi kwa vyombo vya tanga, nacho ni kanuni ya 12. Kifungu hicho kinasema kwamba vyombo viwili vya tanga vinapokaribiana kwa namna inayoweza kuleta mgongano, na kila kimoja kinapigwa na upepo upande tofauti, kinachopata upepo kutoka kushoto ndicho kitakachopisha. Ikiwa vyote viwili vinapata upepo kutoka upande mmoja, kilicho upande wa joshi kitampisha mwenzake aliye demani. Upande wa upepo hutambuliwa kwa kutazama tanga kuu: lilikolalia tanga siko unakotoka upepo. Kanuni haiulizi nani mkubwa, nani amebeba abiria au nani alitangulia kung'oa nanga.

Nahodha anayepata upepo kutoka kushoto, tanga lake limelala kulia. Katika hali ya kawaida ya vyombo viwili vinavyopanda dhidi ya upepo, chombo anachotakiwa kukipisha humjia kutoka mbele kulia, nyuma ya tanga hilohilo. Vivyo hivyo, nahodha aliye upande wa joshi anatakiwa kumpisha aliye demani, na demani ndiko kuliko na tanga. Kwa maneno mengine, yule ambaye kanuni inamtwika wajibu wa kupisha ndiye ambaye tanga lake linamficha anayepaswa kupishwa. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuikariri kanuni ya 12 neno kwa neno na bado akagonga, kwa kuwa hakukiona kile alichopaswa kukipisha. Ndiyo maana katika kanuni hizo wajibu wa kuangalia, uliomo katika kanuni ya 5, umewekwa mbele ya vifungu vya kupishana: kila chombo, wakati wote, kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza ipasavyo. Methali inaonya kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika suala hili la kuangalia hofu ni ya kinyume, kwamba chombo kina macho ya mtu mmoja tu, naye amekaa nyuma ya tanga.

Njia ya Dar es Salaam na Unguja inaonyesha jinsi jambo hili linavyotokea kwa vitendo. Mji wa Zanzibar uko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kutoka kusini mashariki, jahazi linaloelekea Unguja huupata kutoka nyuma, upande wa kulia, nalo husafiri kwa wepesi. Linalorudi Dar es Salaam hukabiliana nao. Mara nyingi hulazimika kwenda mbisho, yaani kukata bahari kwa mishazari, mara upande huu mara upande ule. Katika mshazari mmoja wa safari hiyo upepo hulipiga kutoka kushoto, na hapo ndipo kanuni inapolitaka lipishe, ingawa ndilo lenye taabu.

Baadhi ya mabaharia huona jambo hilo kuwa ni uonevu, na hawakosi hoja. Kanuni za kimataifa zilizotumika kabla ya marekebisho ya mwaka 1960 zilimtaka anayesafiri na upepo nyuma ampishe anayehangaika kupanda dhidi ya upepo, kwa mantiki kwamba mwenye wepesi ndiye mwenye uwezo wa kugeuka. Mantiki hiyo inaeleweka, na baharia aliyejifunza kazi kwa wazee waliojifunza kwa wazee wao anaweza kabisa kuwa ameirithi. Tatizo ni kwamba haitumiki tena. Nahodha mmoja akifuata desturi ya zamani na mwenzake akafuata kanuni ya sasa, kila mmoja atasubiri kupishwa, au wote wawili watapisha kuelekea upande mmoja. Katika bahari, sheria mbili nzuri ni hatari kuliko sheria moja yenye kasoro.

Umbo la chombo nalo lina sehemu yake. Mashua za kisasa za starehe hugeuka kwa kupitisha omo katikati ya upepo, na tanga huhama lenyewe kwa sekunde chache. Jahazi la mwambao halina wepesi huo. Tanga lake limefungwa kwenye foromali ndefu iliyotundikwa mlingotini, na ili upepo uhamie upande mwingine, kwa kawaida nahodha hukigeuza chombo kwa kupitisha tezi kwenye upepo huku mabaharia wakiizungusha foromali mbele ya mlingoti na kufunga kamba upya. Kazi hiyo inataka watu wenye nguvu, muda na nafasi kubwa ya maji. Katikati yake chombo hupoteza mwendo na karibu hakiutii usukani. Nahodha anayesubiri hadi mita mia moja za mwisho ndipo aamue kupindua tanga ameshachelewa. Kanuni ya 8 inataka hatua ya kukwepa ichukuliwe mapema na iwe kubwa kiasi cha kuonekana wazi na yule wa upande wa pili. Kwa jahazi, neno "mapema" linapaswa kusomwa kwa uzito zaidi, na mara nyingi kubadili mwelekeo kwa usukani, bila kugusa foromali, huwa njia salama zaidi ikianza chombo kingine kikiwa bado mbali.

Namna ya kutambua kwamba hatari ipo haihitaji chombo chochote cha umeme. Nahodha hukaa mahali pamoja na kukilinganisha chombo kinachokuja na kitu kisichosogea ndani ya chombo chake, kwa mfano kamba inayoshikilia mlingoti. Ikiwa baada ya dakika moja au mbili chombo kile bado kiko kwenye mstari wa kamba ileile, huku kikizidi kuwa kikubwa, basi viwili hivyo vitakutana. Kikisogea kuelekea omo kitapita mbele, na kikisogea kuelekea tezi kitapita nyuma. Kanuni ya 7 inaongeza kwamba penye shaka, hatari ichukuliwe kuwa ipo.

Usiku hali hubadilika kabisa. Mchana tanga ni kama bendera. Humweleza kila mtu upepo unakipiga chombo upande gani. Usiku bendera hiyo haionekani. Taa ndizo zinazobaki: nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe tezi. Chombo cha tanga kilicho na urefu chini ya mita 20 kinaruhusiwa kuziunganisha zote tatu katika taa moja juu ya mlingoti, ambako tanga haliwezi kuzificha. Taa za pembeni humweleza mtazamaji chombo kinaelekea wapi, lakini hazimwelezi tanga liko upande gani. Waandishi wa kanuni walilizingatia hilo. Anayepata upepo kutoka kushoto akiona chombo cha tanga upande wa joshi, na asiweze kutambua kwa hakika kinapata upepo upande gani, anatakiwa kupisha bila kubahatisha.

Kifungu hicho hakina maana yoyote ikiwa chombo kile hakina taa kabisa. Kwa vyombo vyenye urefu chini ya mita 12, kanuni inataka taa za pembeni zionekane kwa umbali wa angalau maili moja ya bahari. Kwa mfano wa majahazi mawili yaliyotajwa hapo juu, maili hiyo ni sawa na dakika 5 za kujiandaa. Bila taa, dakika hizo hupungua hadi sekunde ambazo mtu husikia mlio wa maji chini ya omo ya mwenzake. Vyombo vidogo kabisa, vyenye urefu chini ya mita 7, vimepewa nafuu: visipoweza kuweka taa hizo, viwe na tochi au taa iliyokwisha kuwashwa, iliyo karibu na mkono, ionyeshwe mapema kiasi cha kuzuia mgongano. Mwenye ngalawa hawezi kusema kwamba kanuni ilimtaka anunue mitambo ya gharama. Tochi ya kawaida, yenye betri zima, ikimulikwa kwenye tanga jeupe, huonekana mbali.

Wavuvi wanaotumia taa kali kuvutia dagaa wana tatizo la peke yao. Mwanga huo huonekana kutoka mbali, lakini humtia kiwi aliye ndani yake. Aliyekaa kwenye mwanga hawezi kuona jahazi lisilo na taa linalokuja kutoka gizani, na nahodha wa jahazi, akitazama mwanga ule, hushindwa kutambua kama ni chombo kimoja au vitatu. Hapa kanuni ya 18 inamhusu nahodha wa tanga moja kwa moja. Watu wengi wanajua kwamba chombo cha injini humpisha mwenye tanga. Wachache hukumbuka sehemu ya pili ya kanuni hiyo, kwamba mwenye tanga naye humpisha anayevua kwa nyavu au zana nyingine zinazomzuia kugeuka.

Jambo jingine linalozua ubishi ni injini za kupachika, ambazo siku hizi zimeenea katika mashua nyingi za tanga. Chombo kinachosukumwa na injini ni chombo cha injini hata kama tanga limepandishwa, nacho hupoteza haki zote za tanga tangu injini inapoanza kukisukuma. Kanuni inakitaka mchana kionyeshe mbele umbo jeusi la pia, ncha ikiwa chini, ili wengine wasidanganyike na tanga wanaloliona. Alama hiyo ni nadra kuonekana katika mashua za mwambao. Matokeo yake ni kwamba nahodha wa jahazi humwona mwenzake kuwa ni wa tanga, humpisha kwa kufuata kanuni ya 12, ilhali mwenzake anajua kuwa yeye ndiye anayepaswa kupisha na tayari amegeuka.

Katika njia nyembamba kama lango la Bandari ya Dar es Salaam, ambako meli kubwa, vivuko vya Magogoni na Kigamboni na mashua za wavuvi hutumia maji yaleyale, mwenye tanga hatakiwi kabisa kuizuia meli ambayo haiwezi kupita nje ya mkondo huo. Haki ya tanga mbele ya injini haitumiki kama kinga mahali pale. Chombo kinachokipita kingine kutoka nyuma nacho hubeba wajibu wa kukaa mbali hadi kimalize kupita, kiwe cha tanga au cha injini.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vyombo duni au manahodha wasio na cheti. Tarehe 15 Juni 2023, katika mashindano ya The Ocean Race ya kuizunguka dunia, mashua mbili zenye urefu wa zaidi ya mita 18, zikiendeshwa na mabaharia wa kulipwa, ziligongana mchana muda mfupi baada ya kuanza safari kutoka The Hague nchini Uholanzi. Mashua ya timu ya GUYOT environnement, iliyokuwa ikipata upepo kutoka kushoto, iliigonga ubavuni mashua ya 11th Hour Racing Team, iliyokuwa na upepo kutoka kulia. Timu iliyogonga ilikiri kosa mara moja. Zote mbili ziliacha hatua hiyo ya mashindano, na timu iliyogongwa ikapewa na waamuzi pointi 4 za fidia zilizoiwezesha kutwaa ubingwa. Kanuni iliyowahukumu ni ileile inayomhusu mwenye jahazi anayetoka Unguja na shehena yake. Tofauti ni kwamba nahodha huyo hana waamuzi wa kumpa pointi wala kikosi cha mafundi kinachomsubiri gatini.

Swali linaloulizwa mara kwa mara baada ya mgongano ni hili: je, aliyekuwa na haki ya kupita hana kosa? Jibu la kanuni ya 17 ni kwamba mwenye haki anapaswa kushika njia yake na mwendo wake, ili anayepisha ajue la kufanya. Akiona kwamba mwenzake hachukui hatua, anaruhusiwa kukwepa. Vyombo vikikaribiana kiasi kwamba juhudi za mmoja pekee haziwezi tena kuzuia mgongano, ruhusa hiyo hugeuka kuwa lazima. Nahodha anayeshikilia njia yake hadi mbao zikavunjika, kwa kuwa zamu ya kupisha ilikuwa ya mwingine, amevunja kanuni naye pia. Katika sheria za bahari lawama hugawanywa kwa kadiri ya kosa la kila upande, na fidia hufuata mgawanyo huo.

Usimamizi wa usalama wa vyombo hivyo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa upande wa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA) kwa upande wa Zanzibar. Katika mijadala ya umma kuhusu usalama majini, maneno yanayosikika zaidi ni leseni, idadi ya abiria na jaketi okozi. Yote ni ya msingi. Lakini jaketi okozi hufanya kazi baada ya watu kuwa majini, wakati taa na mtu wa kuangalia omo hufanya kazi kabla. Mwananchi anayepanda mashua jioni ana haki ya kuuliza taa iko wapi na inawaka, kama anavyouliza nauli, na mwenye chombo anayefika ukaguzini na taa nzima anastahili kupongezwa kama mwenye jaketi za kutosha.

Yamebaki maji ambayo taa pia hushindwa. Mwanzo wa kusi huja pamoja na mvua za masika, na mvua kubwa inaponyesha mchana upeo wa macho hupungua hadi mita chache. Vyombo visivyoonana haviwezi kutumia kanuni ya 12 hata kidogo. Hapo hakuna mwenye haki ya kupita, na kila mmoja anatakiwa kupunguza mwendo. Chombo cha tanga hutakiwa kupiga honi, mlio mmoja mrefu ukifuatiwa na mifupi miwili, bila kuacha zaidi ya dakika 2 kupita. Vyombo vyenye urefu chini ya mita 12 visivyo na honi vinaruhusiwa kutoa sauti nyingine yoyote inayosikika vizuri kwa muda uleule. Pembe inatosha. Hata debe tupu na kipande cha mti, mradi kuna mtu aliyepewa kazi hiyo na kuambiwa asiiache hadi mvua ipite.